Maswali ya Wasomaji: «Injini ya Dakota Inakohoa Kisha Inazima»

Makala yetu ya mwezi uliopita kuhusu kurusha ndege ya Douglas DC-3, iitwayo pia Dakota, katika simuleta (programu ya kompyuta inayoiga urushaji wa ndege) ilituletea barua nyingi kuliko tulivyotarajia, na karibu zote zina lalamiko moja: injini haiwaki, au inawaka na kuzima papo hapo. Nimechagua barua saba. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu, kwa kuwa ndani yake mna kosa ambalo waandishi wengine kadhaa wamelirudia bila kujua kuwa ni lile lile.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi wa magari hapa Morogoro, na ninatumia Microsoft Flight Simulator kwenye kompyuta ya kaka yangu. Ninapochagua DC-3 na kuanzia kwenye maegesho, injini zikiwa zimezimwa, ninasukuma nyenzo zote za injini mbele, ninawasha swichi zote ninazoziona, kisha ninapiga starta. Propela inazunguka, injini inakohoa mara mbili tatu, halafu inazima. Nikirudia, haikohoi kabisa. Kwenye Cessna 172 njia hiyo hiyo haijawahi kunisumbua. Je, tatizo ni kompyuta au ni mimi?
— Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Kompyuta ni nzima, na wewe pia kosa lako si kubwa; umefanya tu mambo ambayo injini ndogo ya Cessna huyasamehe na injini ya Dakota huyakataa. Kwa kuwa unasomea ufundi, nakuomba kabla ya kugusa swichi yoyote ujiulize jambo moja: petroli iko wapi sasa hivi? Iko kwenye tangi, kwenye bomba, ndani ya silinda, au imeshapita kiasi na kuzilowesha plagi? Katika uzoefu wangu, rubani wa simuleta anayeshindwa kuwasha injini ya zamani mara nyingi ni yule asiyekuwa na jibu la swali hilo.

DC-3 nyingi zilitumia injini ya Pratt & Whitney R-1830, iitwayo Twin Wasp, ambayo zilitengenezwa zaidi ya 170,000. Ina silinda 14 zilizopangwa kwa duara katika safu mbili za saba saba, ujazo wake ni takriban lita 30, na ikisukumwa hadi mwisho hutoa nguvu za farasi 1,200. Kabureta yake haikukaa jirani na silinda kama ile ya pikipiki. Petroli ikitoka humo hupita kwanza kwenye feni ya kushindilia hewa iliyo nyuma ya injini, kisha husambazwa kwa mabomba marefu hadi kila silinda ipate sehemu yake. Wakati starta inapoizungusha injini polepole, hewa inayovutwa ni kidogo mno, na kabureta, ambayo hupima petroli kwa kufuata wingi wa hewa inayopita, haiwezi kutoa kipimo kinachofaa. Ndiyo maana kuna praima, yaani njia ya pembeni inayopeleka petroli moja kwa moja kwenye baadhi ya silinda bila kupitia kabureta. Injini hula kwanza cha praima, na ikishashika mwendo ndipo inapopewa cha kabureta.

Sasa rudi kwenye ulichofanya. Uliposukuma nyenzo zote mbele, uliutoa wenzo wa mchanganyiko, ule unaopanga kiasi cha petroli kinachochanganywa na hewa, kwenye nafasi ya kukata mafuta. Na ulipowasha kila swichi, uliwasha pia pampu ya petroli ya umeme. Katika kabureta ya shinikizo, ambayo ndiyo iliyofungwa kwenye nyingi ya injini hizi, mambo hayo mawili yakikutana petroli huanza kumwagika ndani hata kabla injini haijazunguka. Kule kukohoa mara mbili tatu kulitoka kwenye silinda zilizobahatika kupata mchanganyiko unaoweza kuwaka. Baada ya hapo plagi zililowa, na kila ulipopiga starta upya ulikuwa unaongeza maji kwenye mtungi uliojaa. Katika ndege ya kweli, petroli hiyo ya ziada hujikusanya na ni chanzo cha moto. Kwenye kioo cha kompyuta inakugharimu dakika kumi tu za kuudhika.

Jaribu hivi. Funga breki, washa betri, na uchague tangi: injini ya kushoto kwa tangi kuu la kushoto, ya kulia kwa la kulia. Fungua milango ya hewa iliyo kwenye kifuniko cha injini, kwa kuwa injini hii hupozwa kwa upepo na ikiwa imesimama haina upepo mwingine zaidi ya ule wa propela yake. Wenzo wa propela uwe mbele kabisa. Wenzo wa nguvu usogeze mbele kidogo tu, upana wa kidole kimoja hivi. Wenzo wa mchanganyiko ubaki kwenye nafasi ya kukata mafuta, na hapo ndipo mikono ya wengi inapokosea, kwa sababu mazoea ya ndege ndogo yanawaambia wausukume. Washa pampu ya umeme na uitazame geji ya presha ya petroli: mshale ukiingia kwenye mstari wa kijani, umeshajibu sehemu ya kwanza ya lile swali. Petroli imetoka tangini na imefika kwenye kabureta, nayo imezuiwa hapo.

Piga starta, hesabu mapanga ya propela yanayopita (sababu yake nimeieleza hapa chini katika jibu la msomaji wa Mombasa), kisha washa magneto zote mbili, yaani vifaa vinavyozipa plagi umeme wa cheche, na uanze kubonyeza praima kwa vipindi vifupi huku propela ikiendelea kuzunguka. Silinda moja itawaka, kisha mbili, kisha utasikia injini inashika. Usiwe na haraka. Iache iishi kwa praima kwa muda mfupi, na mngurumo ukishakuwa wa mfululizo, usogeze wenzo wa mchanganyiko hadi kwenye nafasi ya mchanganyiko mzito (wenye petroli nyingi) wa kujirekebisha. Ukisikia mizunguko inashuka na moshi unakuwa mweusi, injini sasa inalishwa kutoka pande mbili, basi achia praima. Ikizima, rudisha wenzo wa mchanganyiko kwenye kukata mafuta mara moja, kabla hujafanya jambo jingine lolote.

Na ikiwa umeshaifurisha kama ulivyoeleza, usikimbilie kuanza upya safari nzima. Zima pampu, kata mafuta, zima magneto, sogeza wenzo wa nguvu mbele kabisa ili hewa ipite kwa wingi, kisha izungushe injini kwa starta kwa sekunde chache. Petroli iliyozidi itatolewa kwa njia ya ekzosi. Rudisha wenzo wa nguvu nyuma, kisha uwashe bila kutumia praima.

Jambo moja la mwisho kwako, na hili ni la kompyuta kweli. Kama una wenzo wa mezani uliounganishwa, hakikisha hali yake inalingana na ile unayoiona ndani ya chumba cha rubani. Nimewahi kupoteza jioni nzima nikiuvuta wenzo wa mchanganyiko kwa kipanya, huku kifaa changu cha mezani, ambacho nilikiacha mbele, kikiurudisha kila nilipoigusa meza.

SWALI: Mhariri, katika maelezo ya kuwasha Dakota ninaambiwa nishikilie swichi ya starta, wakati huo huo nishikilie nyingine ya kushika gia, na papo hapo nibonyeze praima. Mimi nina kipanya kimoja. Wenzangu wanafanyaje?
— Msomaji, Mwanza

JIBU: Wenzako wanatumia kibodi. Swichi hizo katika ndege ya kweli zina springi, ukiziachia zinarudi zenyewe, na rubani huzishikilia mbili kwa vidole vya mkono mmoja. Kipanya ni kidole kimoja tu. Ingia kwenye mipangilio ya vidhibiti, uitafute starta ya kila injini na praima, na uipe kila moja kitufe chake cha kibodi. Katika Microsoft Flight Simulator unaweza pia kubadili namna kipanya kinavyoshika vitu ndani ya chumba cha rubani, kwani kuna mtindo wa kisasa na mtindo wa zamani, na kwa swichi za springi mimi nimeuona ule wa zamani kuwa mtiifu zaidi.

Ni vyema kujua kwa nini swichi ni mbili. Starta za zamani za aina ile zina gurudumu zito ndani yake. Swichi ya kwanza hulizungusha gurudumu hilo kwa umeme, polepole mwanzoni, na sauti yake hupanda kama king'ora. Baada ya sekunde kumi au zaidi, gurudumu likiwa limejaa nguvu, swichi ya pili huligandamiza kwenye injini, na nguvu yote iliyohifadhiwa huingia kwenye krankishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa mkupuo. Betri ya wakati ule isingeweza kwa urahisi kuivuta injini ya lita 30 iliyolala usiku kucha, lakini iliweza kulizungusha gurudumu kidogo kidogo. Kwa hiyo ukigandamiza mapema, kabla sauti haijafika juu, propela itazunguka nusu na kusimama, na wala si hitilafu ya programu.

SWALI: Mhariri mpendwa, ninaanzia safari zangu uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Kabla sijawasha chochote, geji ya shinikizo la hewa inayoingia kwenye injini inasoma kama 25. Rafiki yangu anayeanzia Mombasa anaona 30. Injini zimezimwa! Je, geji yangu imeharibika, na inawezekana ndiyo inayonizuia kuwasha?
— Msomaji, Nairobi

JIBU: Geji yako inasema kweli, na ya rafiki yako pia. Injini ikiwa imesimama, ndani ya mabomba yake mna hewa ile ile iliyoko nje, hivyo geji hiyo hugeuka kuwa kipimo cha kawaida cha shinikizo la hewa ya mahali ulipo. Pwani, kwenye usawa wa bahari, hewa inasimamisha takriban inchi 30 za zebaki. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa huo, kwa hiyo hewa yake ni nyepesi na mshale unasimama karibu na 25. Marubani wa zamani waliikariri namba hii kabla ya kuwasha, kwa sababu ina kazi baadaye: wakati wa kujaribu nguvu kabla ya kuruka, unasogeza wenzo hadi geji irudi kwenye namba ile ile uliyoiona injini ikiwa kimya, kisha unatazama mizunguko. Injini yenye afya hutoa mizunguko inayokaribiana kila siku kwa namba hiyo. Ikipungua sana kuliko kawaida, kuna silinda inayomisi mahali fulani.

Itazame pia mara injini inapowaka. Mshale utashuka ghafla, kwa kuwa pistoni sasa zinavuta hewa kwa nguvu huku mlango wa ndani wa kuingizia hewa, ule unaofunguliwa na wenzo wa nguvu, ukiwa umefungwa karibu wote. Mimi huuamini mshuko huo kuliko sauti ya spika.

Kuhusu kuwasha penyewe, Nairobi haikuzuii. Kabureta ya Dakota, wenzo ukiwa kwenye nafasi ya kujirekebisha, huhesabu wepesi wa hewa yenyewe. Mwenye kuangalia zaidi ni anayerusha ndege ndogo zenye mchanganyiko wa kurekebishwa kwa mkono: huko, petroli inayofaa Mombasa ni nyingi mno kwa Nairobi, na injini iliyowashwa kwa mchanganyiko mzito kabisa huweza kukohoa na kutoa moshi mweusi hadi utakapouvuta wenzo nyuma kidogo.

SWALI: Assalamu alaikum Mhariri. Marehemu babu yangu alikuwa mpakiaji mizigo katika uwanja wa ndege wa Port Reitz enzi za shirika la ndege la East African Airways, na alikuwa akitusimulia kwamba kila asubuhi mafundi waliizungusha propela ya Dakota kwa mikono, panga moja baada ya jingine, huku wakihesabu kwa sauti. Tulidhani ni desturi tu. Sasa naona hata maelezo ya simuleta yanasema nihesabu mapanga. Kuna siri gani? Na kwa nini injini inatoa wingu la moshi kila inapowaka?
— Msomaji, Mombasa

JIBU: Wa alaikumu salamu. Babu yako aliona sawasawa, na maswali yako mawili jibu lake ni moja: oili.

East African Airways, iliyoanza kazi mwaka 1946 na kusambaratika mwaka 1977, ilizitumia DC-3 kwa safari za ndani ya Afrika Mashariki, na kila moja ya ndege hizo ilikuwa na tatizo la kimaumbile ambalo ndege yenye injini ya duara haiwezi kulikwepa. Silinda zikiwa zimezunguka kitovu kama miale ya jua, baadhi zitaelekea juu na nyingine zitaelekea chini. Usiku, injini ikiwa imetulia, oili iliyobaki ndani ya kitovu huteremka kwa uzito wake, hujipenyeza kando ya ringi za pistoni, na kujikusanya kwenye vichwa vya silinda za chini. Hizo ndizo silinda ambazo kichwa chake kiko chini ya pistoni, hivyo kila tone linalopita halina njia ya kurudi.

Hewa hubanika, oili haibaniki. Pistoni ya silinda ya chini ikija kwa nguvu ya starta na kukuta oili imejaa mahali palipopaswa kuwa na hewa, kitu kimoja lazima kikubali kushindwa, na mara nyingi ni ule mkono unaoiunganisha pistoni na krankishafti. Hupinda. Ubaya wake ni kwamba unaweza kupinda kidogo tu, injini ikawaka na ndege ikaruka, kisha mkono ukakatika saa nyingi baadaye ndege ikiwa hewani. Fundi anayeizungusha propela kwa mkono anausikia ukinzani huo kwenye viganja vyake kabla haujaleta madhara. Akiusikia, haongezi nguvu, na wala hairudishi propela kinyume, kwa kuwa kurudisha huisukuma oili hadi kwenye mabomba ya kuingizia hewa, nayo itavutwa tena mara injini inapowaka. Anachofanya ni kufungua plagi za silinda za chini na kuiacha oili ichuruzike.

Hesabu ya mapanga nayo ina msingi wake. Silinda zote 14 humaliza zamu zao katika mizunguko miwili ya krankishafti. Propela ya injini hii huzunguka polepole kuliko krankishafti, kwa uwiano wa 9 kwa 16, kwa hiyo mizunguko miwili ya krankishafti ni mzunguko mmoja na kidogo wa propela. Kwa propela ya mapanga matatu, hiyo ni mapanga matatu na sehemu, tuseme manne ili pasiwe na shaka. Anayehesabu tisa au kumi na mbili amezipitisha silinda zote zaidi ya mara mbili, na ndipo anaporuhusu magneto ziwashwe. Wako pia wanaohesabu kwa kutumia starta badala ya mikono, magneto zikiwa zimezimwa, na hicho ndicho simuleta inachokiiga.

Moshi basi ni ile oili kidogo iliyobaki silindani na kwenye ekzosi ikiungua. Ukiwa na rangi ya buluu inayoelekea weupe na ukaisha baada ya muda mfupi, hilo ni jambo la kawaida kabisa. Moshi mweusi ndio wa kuuhoji, kwa sababu huo ni wa petroli.

Nikiri kwamba simuleta nyingi haziadhibu anayeacha kuhesabu: mkono haupindi, na ndege inaruka kama kawaida. Watengenezaji wachache, A2A Simulations wakiwa mfano unaojulikana, walijijengea jina kwa kuiga uchakavu, kiasi kwamba ulichoifanyia injini leo unakikuta kesho. Mimi huhesabu hata pale pasipo adhabu, na ninahesabu kwa sauti, jambo ambalo nyumbani kwangu wamelizoea.

SWALI: Nikibonyeza Ctrl na E injini zinawaka zenyewe. Je, ni udanganyifu?
— Msomaji, Dodoma

JIBU: Hapana, ni lifti kwa asiyetaka kupanda ngazi. Ila usiitumie macho yakiwa dirishani. Itumie mara moja huku ukitazama ni swichi zipi zinazosogea na kwa utaratibu gani, kisha rudi kwenye maegesho ufanye mwenyewe. Na ikiwa hata njia hiyo imeshindwa kuwasha, angalia kama tangi ulilochagua lina petroli. Barua tatu za mwezi huu zingejibiwa na sentensi hiyo.

SWALI: Mhariri, mimi ni mpenzi wa ndege ya kivita ya Spitfire Mk IX katika simuleta ya DCS World. Kuwasha nimeweza, lakini maji yanachemka kabla sijafika kwenye njia ya kurukia. Tena nikitua na kuzima kwa dakika chache, kuwasha mara ya pili kunanishinda ilhali asubuhi iliwaka vizuri. Nafuata hatua zile zile.
— Msomaji, Unguja

JIBU: Kufuata hatua zile zile ndiko kunakokuangusha. Merlin ya Rolls-Royce, inayoisukuma Spitfire yako, ni injini ya namna nyingine: silinda 12 zilizopangwa kwa umbo la V, ujazo wa lita 27, na hupozwa kwa maji yanayopita kwenye rejeta zilizo chini ya mabawa. Rejeta hizo zilibuniwa kwa ndege iliyo angani. Ardhini, ndege ikiwa imeinua pua na magurudumu yakiwa nje, upepo unaozifikia ni haba, na joto la Unguja haliongezi neema. Rubani wa Spitfire hakuwa na anasa ya kukaa akipasha injini na kupanga ramani zake. Aliyafanya hayo yote kabla ya kuwasha. Washa ukiwa tayari, elekeza ndege kwenye upepo wakati wa kusubiri, na uondoke. Ukiona joto linakaribia alama nyekundu kabla hujafika, zima, usubiri. Usijidanganye kwamba litashuka lenyewe.

Kuhusu kuwasha mara ya pili, jiulize tena petroli iko wapi. Asubuhi, chuma kikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke kwa urahisi, kwa hiyo unaipampu kwa mkono mara kadhaa kwenye praima ili angalau sehemu yake iwe mvuke unaowaka. Injini iliyotoka kuruka ina chuma cha moto, na tone dogo tu hugeuka mvuke mara moja. Ukiipa kipimo cha asubuhi, umeifurisha. Basi injini ikiwa ya moto usitumie praima kabisa katika jaribio la kwanza. Ikizunguka bila dalili ya kuwaka, ongeza pampu moja, si tano.

Kwa faida ya wapenzi wa historia: Spitfire Mk II haikuwashwa kwa umeme, bali kwa risasi tupu iliyolipuliwa ndani ya starta, na gesi ya mlipuko ndiyo iliyoisukuma injini. Kila kuwasha kuliila risasi moja, na rubani aliyekosea kipimo cha praima aliweza kuzimaliza zote akiwa bado amesimama.

SWALI: Nimefaulu kuwasha injini zote mbili za DC-3 katika simuleta ya FlightGear, nashukuru. Sasa nisubiri nini kabla ya kuruka, na ile kazi ya kuzima magneto moja moja ina maana gani ikiwa injini inanguruma vizuri?
— Msomaji, Bukoba

JIBU: Kwanza hongera, na ni vyema wasomaji wajue kwamba FlightGear hupatikana bure, hivyo ukosefu wa fedha usimzuie mtu kujifunza haya.

Mara tu injini inapowaka, macho yaende kwenye presha ya oili kabla ya kwenda kwingine kokote. Isipopanda ndani ya sekunde 30, kata mafuta uzime, kwa sababu chuma kinasagana na chuma. Ikipanda, iache injini kwenye mizunguko karibu 1,000 kwa dakika na usubiri oili ifike angalau nyuzi 40 za Selsiasi na vichwa vya silinda nyuzi 120. Injini ina zaidi ya lita 100 za oili kwenye tangi lake, na kuipasha si jambo la dakika moja. Milango ya hewa usiifunge ili kuharakisha. Vichwa vitaonyesha joto, lakini nyaya za plagi zilizo nyuma yake ndizo zitakazoungua.

Magneto ni mbili kwa kila injini, na kila silinda ina plagi mbili, kila moja ikipata cheche kutoka kwa magneto yake. Injini inayonguruma vizuri kwa magneto zote mbili inaweza kuwa inaficha moja iliyokufa, na ndiyo sababu ya kuzijaribu moja moja. Ukiiacha moja ifanye kazi peke yake, moto ndani ya silinda huanzia upande mmoja tu, huchukua muda mrefu zaidi kuenea, na mizunguko hushuka kidogo. Mshuko usiozidi kiasi cha mizunguko 100, bila mtetemo, unakubalika. Ukishuka zaidi na injini ikawa inatetemeka, huenda kuna plagi iliyopakwa uchafu. Rudisha magneto zote mbili, ongeza nguvu kidogo kwa muda ili uchafu uungue, kisha jaribu tena.

Lakini kuna hali moja inayowafurahisha wanafunzi kimakosa: unageuza swichi na mizunguko haishuki hata kidogo. Magneto huzimwa kwa waya unaoupeleka umeme wake kwenye bodi ya injini, na waya huo ukikatika, magneto haizimiki kamwe, swichi iseme isemavyo. Injini ya namna hiyo, hata betri ikiwa imezimwa na rubani ameshakwenda zake, inaweza kuwaka kwa mtu kulisukuma panga kwa mkono, ikiwa tu kuna petroli iliyobaki silindani. Wale mafundi wa Port Reitz, kabla ya kuanza kuhesabu mapanga yao, walikuwa na sababu nzuri ya kusimama pale mkono unapofika lakini mwili haufiki.